Kwa nini pikipiki huserereka, na namna ya kushika breki bila kuanguka

Waendeshaji wengi wa pikipiki hufundishwa tangu siku ya kwanza kuiogopa breki ya mbele. Huambiwa kwamba ukiigusa tu utarushwa juu ya usukani, basi wanazoea kukanyaga breki ya nyuma peke yake, na hatari inapotokea wanaikanyaga kwa nguvu zote. Gurudumu la nyuma linafunga, mkia unakwenda upande, na pikipiki inaserereka mpaka kwenye kile kile ambacho dereva alikuwa anajaribu kukikwepa.

Breki ya mbele ndiyo breki kuu ya pikipiki. Kinachoangusha ni kuibana ghafla, kabla tairi halijawa tayari kuipokea nguvu hiyo. Tukilielewa hilo vizuri, mengine yote kuhusu utelezi, iwe mvua, kona, changarawe au mzigo, yanakuwa rahisi kuyaona.

Mshiko wa tairi na mipaka yake

Pikipiki nzima, pamoja na dereva, abiria na mzigo, inagusa barabara mahali pawili tu, na kila sehemu hiyo ni ndogo kuliko kiganja cha mkono. Kuongeza mwendo, kupunguza na kukata kona, vyote vinapitia hapo. Mshiko wa sehemu hizo una kikomo, na kikomo hicho kinategemea hali ya mpira, hali ya barabara, na uzito unaolikandamiza tairi chini kwa wakati huo.

Mshiko wa breki na mshiko wa kona hutoka kwenye fungu moja. Ila hesabu yake si ya kutoa na kujumlisha, kwa sababu nguvu moja inavuta kwenda nyuma na nyingine inavuta ubavuni. Tairi linalotumia asilimia 80 ya mshiko wake kwa breki bado limebakiwa na asilimia 60 kwa kona, si 20. Hapo katikati kuna nafasi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mambo hubadilika ukikaribia ukingoni: ukitumia asilimia 95 kwa breki, kilichobaki kwa kona ni kama 31, na ukifika 100 hakuna kilichobaki. Ndiyo maana dereva anaweza kuingia kona akiwa ameshika breki mara nyingi bila tatizo, halafu siku moja, kwa kuongeza kidogo tu, anajikuta chini.

Tairi likipita kikomo huacha kuzunguka na kuanza kuburuzwa. Mpira unaoburuzwa hushika lami kwa udhaifu kuliko unaoviringika, kwa hiyo pikipiki iliyofunga magurudumu huenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Na gurudumu la mbele likifunga, linapoteza kazi yake nyingine. Pikipiki iliyo mwendoni hubaki wima kwa sababu gurudumu la mbele linajirekebisha kushoto na kulia bila kukoma, hata usipoona. Lizuie lisizunguke na marekebisho hayo yanakatika. Pikipiki inaweza kulala chini kabla hata sekunde moja haijaisha.

Uzito hukimbilia mbele

Unaposhika breki, uzito unahama. Shokapu za mbele zinazama, tairi la mbele linakandamizwa, la nyuma linakuwa jepesi. Ukishika breki sawasawa kwenye lami kavu, gurudumu la mbele linaweza kufanya robo tatu au zaidi ya kazi yote ya kuisimamisha pikipiki. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana pikipiki nyingi zimewekewa diski mbele na dramu nyuma, au diski kubwa mbele na ndogo nyuma.

Uhamaji huo wa uzito huchukua muda, pengine nusu sekunde hivi. Na hapa ndipo penye siri ya jambo zima. Ukiibana breki ya mbele kwa nguvu zote mara moja, nguvu ya breki inafika kabla ya uzito. Tairi la mbele bado limebeba kama nusu tu ya uzito wa pikipiki, halina mshiko wa kutosha, na linafunga. Ukianza kwa kubana kidogo, uzito ukahamia mbele, kisha ukaongeza, nguvu ile ile iliyokuwa imekuangusha sasa tairi linaibeba bila shida. Tofauti kati ya kuanguka na kusimama salama ni hiyo nusu sekunde.

Breki ya nyuma ina tatizo la kinyume. Kadiri unavyopunguza mwendo ndivyo tairi la nyuma linavyozidi kuwa jepesi, kwa hiyo mguu uliokanyaga sawasawa mwanzoni unakuwa umekanyaga kupita kiasi muda mfupi baadaye, bila kuongeza chochote. Wengi hushangaa kwa nini tairi la nyuma lilifunga ilhali hawakubadilisha nguvu ya mguu.

Tuweke tarakimu. Kwenye lami kavu, dereva mzuri anayetumia breki zote mbili anaweza kupunguza mwendo kwa karibu mita 7 kwa sekunde kila sekunde. Kwa breki ya nyuma peke yake ni nusu ya hapo. Ukiwa kilomita 60 kwa saa, breki zote mbili zinakusimamisha ndani ya mita 20. Breki ya nyuma pekee inahitaji karibu mita 40. Na pale ambapo mwenye breki mbili amesimama kabisa, mwenye breki ya nyuma bado anakwenda kilomita 42 kwa saa. Huo ni mwendo wa kuvunja mifupa.

Mwendo wenyewe nao una hesabu yake. Chukua pikipiki mbili, moja kwenye 50 na nyingine kwenye 60, madereva wote wawili wakichukua sekunde moja kuiona hatari na kuanza kushika breki. Wa 50 husimama mita 28 kutoka alipoiona hatari. Wa 60, akifika kwenye hizo mita 28, bado anakwenda kilomita 40 kwa saa. Kumi tu za ziada mwanzoni, arobaini mwishoni. Ile sekunde ya kufikiri ndiyo inayokula barabara: kwenye 60 unapita karibu mita 17 kabla breki haijaanza kazi. Ukiwa katikati ya magari, njia panda au mahali penye watoto, weka vidole viwili juu ya mkono wa breki ya mbele na mguu karibu na pedeli, tayari. Unaokoa sehemu ya sekunde, yaani mita kadhaa.

Kushika breki hatua kwa hatua

Pikipiki iwe wima na usukani uwe umenyooka. Rudisha mafuta kabisa, yaani acha kuongeza mwendo. Bana tangi kwa magoti ili mwili wako uzuiwe na miguu, usizuiwe na mikono. Hili hupuuzwa sana, na ni kubwa: mwili ukiteleza mbele unaegemea usukani, mikono inakakamaa, na unaanza kuusukuma usukani bila kukusudia wakati gurudumu la mbele linahitaji uhuru wa kujirekebisha. Viwiko vikunjwe kidogo.

Kanyaga breki ya nyuma kwa wepesi na papo hapo anza kubana ya mbele. Mbano wa kwanza ni wa kuondoa ulegevu tu na kuzifanya pedi ziguse diski. Subiri usikie mbele kunazama. Sasa kamua, ukiongeza nguvu mfululizo, jinsi unavyokamua nguo iliyolowa: unaanza polepole na kuzidisha, hutikisi wala huachii katikati. Kadiri mkono unavyoongeza, mguu upungue. Macho yatazame mbali mbele, si kwenye gurudumu. Mwendo ukikaribia kwisha, legeza breki ya mbele taratibu ili shokapu zisikurudishe nyuma kwa kishindo.

Klachi nayo ina nafasi yake. Ukisimama kwa kawaida, iache mpaka karibu na mwisho ili injini isaidie kupunguza mwendo. Ukisimama kwa dharura, ishike pamoja na breki, kwani injini haina la kuongeza pale ambapo breki zinafanya kazi yote, na injini ikizimika ukiwa mwendoni gurudumu la nyuma linaweza kufunga. Pangua gia huku ukisimama ili ufike namba moja. Gari lililo nyuma yako huenda halijakuona, na unaweza kulazimika kuondoka hapo haraka.

Ujuzi huu hauji siku ya hatari ukiwa hujauzoea. Tafuta eneo wazi lenye lami safi na kavu, vaa kofia ngumu, glavu na viatu vilivyofunika vifundo, na uanze kwa kilomita 20 kwa saa. Weka alama pa kuanzia kushika breki na pa kusimamia. Rudia mpaka mkono uwe unakamua wenyewe bila kufikiri, halafu panda hadi 30, kisha 40. Ukihisi tairi linalia au usukani unakuwa mwepesi, umefika ukingoni. Kumbuka nguvu uliyokuwa nayo mkononi. Ukitoka likizoni, ukibadilisha tairi au ukipanda pikipiki usiyoizoea, rudia kwa dakika kumi. Kila pikipiki ina mkono wake.

Gurudumu likifunga

La mbele likifunga, achia mkono wa breki mara moja, na ubane tena kwa upole likianza kuzunguka. Usisubiri uone itakuwaje, maana hakuna muda.

La nyuma lina sheria mbili, na zinategemea mkia uko wapi. Kama pikipiki bado imenyooka, legeza mguu na gurudumu litazunguka tena. Lakini kama mkia umeshatoka nje ya mstari, usiachie. Endelea kukanyaga, tazama mbele, elekeza usukani unakotaka kwenda, na uiache pikipiki iserereke mpaka isimame.

Sheria hii ya pili huonekana ya ajabu, kwa hiyo inastahili maelezo. Tairi linaloburuzwa kwa ubavu lina mshiko mdogo. Ukiachia breki, linaanza kuzunguka na kupata mshiko wote kwa mara moja, huku likielekea upande tofauti na unakokwenda mwili wa pikipiki. Pikipiki inajinyoosha kwa kishindo na kumrusha dereva hewani upande wa pili, mara nyingi mbele ya pikipiki yenyewe. Kuanguka kwa namna hiyo kunaumiza zaidi kuliko kulala chini upande ule ule ulioserereka. Jambo hilo hilo hutokea kwenye kona pale dereva anapovuta mafuta mengi, tairi la nyuma likateleza, akashtuka na kuyarudisha yote ghafla.

Kona

Kazi ya breki iishe kabla ya kona. Punguza mwendo pikipiki ikiwa wima, pangua gia, tazama mwisho wa kona, kisha ilaze huku mafuta yakiwa yamefunguliwa kidogo na kwa usawa. Mafuta hayo kidogo yanaituliza pikipiki: yanarudisha sehemu ya uzito nyuma ili matairi yote mawili yabebe mzigo wake. Kuingia kona huku klachi imeshikwa ni kosa, kwani unakosa njia ya kuudhibiti mgawanyo huo.

Mahitaji ya mshiko kwenye kona hupanda kwa mraba wa mwendo. Kona uliyoizoea kwa 40, ukiingia kwa 50 umeongeza mwendo kwa robo tu, lakini tairi linatakiwa kushika kwa zaidi ya nusu ya ziada. Ndiyo sababu kona huonekana ya kawaida kabisa, kisha ghafla si ya kawaida.

Ukiingia kwa mwendo mkubwa kuliko ulivyodhani, jambo la kwanza ni macho. Dereva hufuata anachokitazama. Akikodolea ukingo wa barabara au lori linalokuja, ndiko anakokwenda. Geuza kichwa uangalie njia ya kutokea. La pili, sukuma usukani upande wa ndani wa kona: kona ya kushoto, sukuma mkono wa kushoto kwenda mbele. Pikipiki italala zaidi na kupinda zaidi. Kwenye lami kavu na tairi zima, mara nyingi pikipiki bado ina uwezo wa kulala zaidi wakati dereva ameshakata tamaa na kwenda moja kwa moja nje ya barabara.

Kama ni lazima kushika breki ukiwa umelala, iwe kwa wepesi na zote mbili, huku ukiinyanyua pikipiki. Kadiri inavyosimama wima ndivyo unavyoweza kuongeza. Kama kuna nafasi ya kuinyoosha kabisa kwanza kisha ukashika breki sawasawa, hiyo ni bora zaidi.

Mvua, mafuta na vitu vinavyong'aa

Mvua inapoanza baada ya siku nyingi za ukavu, dakika kumi hadi ishirini za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Maji yanachanganyika na vumbi, masalia ya mpira na matone ya mafuta yaliyolala kwenye lami, na kutengeneza utando wa utelezi. Mvua ikiendelea kwa nguvu, utando huo huoshwa na mshiko hurudi kwa kiasi. Kama una uwezo wa kusubiri mahali kwa muda huo, subiri.

Kwenye lami iliyolowa, umbali wa kusimama huongezeka kwa nusu au zaidi hata kwa tairi zuri. Zile mita 20 kutoka kilomita 60 kwa saa zinakuwa kama 30. Mbinu ya breki ni ile ile, ila kila kitu kinakwenda polepole zaidi: mbano wa kwanza mrefu zaidi, nguvu ya mwisho ndogo zaidi. Uzito nao hauhami sana mbele, maana hupunguzi mwendo kwa ukali, kwa hiyo breki ya nyuma inafanya sehemu kubwa kidogo ya kazi kuliko siku ya jua. Hiyo haina maana ya kuitelekeza ya mbele. Acha pengo la sekunde nne au zaidi kati yako na gari la mbele: likipita nguzo au kivuli fulani, hesabu mpaka wewe ufike hapo.

Kuna vitu ambavyo vikilowa havina mshiko karibu kabisa: rangi za alama za barabarani, hasa za vivuko, mifuniko ya chuma ya mashimo ya maji taka, viungo vya chuma vya madaraja, reli, majani yaliyooza, na vipande vya lami laini vilivyozibia nyufa. Usivivuke ukiwa umelala, usivute mafuta juu yake, usishike breki juu yake. Ukiviona umeshachelewa kuviepuka, nyoosha pikipiki, acha mikono iwe mepesi, na vipite kama ulivyo. Gurudumu likitikisika kidogo litajirudi lenyewe upande wa pili. Reli zivuke kwa pembe iliyo karibu na mraba, kamwe isiwe chini ya nyuzi 45, la sivyo tairi linafuata reli au linadumbukia kwenye mtaro wake.

Dizeli iliyomwagika ni hatari hata barabara ikiwa kavu. Hutoka kwenye matangi yaliyojaa kupita kiasi, kwa hiyo itafute kwenye mizunguko, kwenye kona za karibu na vituo vya mafuta na mahali malori yanaposimama. Mara nyingi pua huijua kabla ya macho. Barabara ikilowa utaiona pia kwa rangi zake za upinde wa mvua. Katikati ya njia, mahali magari yanaposimama kwenye taa na njia panda, matone ya oili hujikusanya. Pita kwenye michirizi ya magurudumu ya magari, kushoto au kulia kwa ule mstari mweusi wa katikati, na uweke mguu chini ukiwa umeangalia unapoukanyaga.

Kwenye changarawe, mchanga au tope, tairi la mbele hufunga kwa nguvu ndogo sana. Hapa kazi hufanywa mapema: punguza mwendo ukiwa bado kwenye ardhi ngumu. Ukishaingia, shika usukani kwa ulegevu, ondoa makalio kidogo kwenye kiti ili miguu ibebe uzito, endelea na mafuta ya usawa, na ukihitaji breki tumia zaidi ya nyuma huku ya mbele ukiigusa tu. Kuyumba kwa gurudumu la mbele kwenye mchanga ni kawaida. Anayeanguka ni yule anayepambana nalo.

Ukivuka maji mengi, breki za dramu hujaa maji na kupoteza nguvu. Baada ya kutoka, endesha polepole huku umezishika kwa wepesi mpaka joto lizikaushe na uhisi zimerudi.

Gia pia hufungisha gurudumu

Watu huhusisha kuserereka na breki peke yake, lakini gia zinaweza kufanya hivyo hivyo. Ukipangua kutoka gia ya nne hadi ya pili kwa mwendo mkubwa na kuiachia klachi kwa mkupuo, injini inalazimishwa kuzunguka haraka kuliko ilivyokuwa, na inalivuta gurudumu la nyuma lisizunguke. Kwenye lami iliyolowa au kwenye tope, hilo linatosha kuutoa mkia. Pangua gia moja moja, achia klachi taratibu, au piga resi kidogo klachi ikiwa imeshikwa ili mwendo wa injini ulingane na wa gurudumu. Ukihisi gurudumu la nyuma linarukaruka, shika klachi, litatulia.

Mteremkoni usiweke frii wala kuzima injini ili kuokoa mafuta. Unapoteza nguvu ya injini ya kuzuia mwendo, breki zinabeba kila kitu, zinapata joto kali, na breki za dramu zikishapata joto hilo hulegea taratibu mpaka ubaki unakanyaga bila matokeo. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo, au ndogo zaidi kwenye udongo uliolowa.

Kabla ya kuwasha

Upepo wa tairi upimwe tairi likiwa baridi, yaani kabla ya safari, angalau mara moja kwa wiki. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kibandiko kilicho karibu na mnyororo. Pikipiki nyingi ndogo za cc 100 hadi 150 huwa karibu na psi 25 mbele na 28 hadi 33 nyuma, kutegemea mzigo. Upepo ukizidi, sehemu inayogusa barabara inapungua na tairi linadundadunda. Ukipungua, tairi linachemka, linapinda kwenye kona na usukani unakuwa mzito. Kidole hakipimi upepo. Tafuta kipimo chako mwenyewe, ni kifaa kidogo.

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Mpira ukisagika ukalingana navyo, tairi limekwisha, hata kama bado lina sura ya tairi. Tairi kipara linaweza kushika vizuri kwenye lami kavu, na ndilo linalowadanganya watu. Mifereji ina kazi ya kuyatoa maji. Isipokuwepo, maji yanabaki kati ya mpira na lami. Angalia pia umri wake: pembeni kuna tarakimu nne, kwa mfano 2322, maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2022. Mpira wa miaka mingi hukauka na kuwa mgumu hata kama haujatembea. Tairi jipya nalo huteleza kwa sababu uso wake bado haujakwaruzwa na barabara. Kwa kilomita 150 za mwanzo lilaze kidogo kidogo na usibane breki kwa ukali.

Kwenye breki zenyewe, angalia unene wa pedi na alama yake ya ukomo. Breki za dramu huwa na mshale kwenye mkono wake unaoonyesha kama brekishu zimekwisha. Ukibana mkono wa breki ya diski ukauhisi laini kama unakandamiza sponji, kuna hewa ndani ya mpira wa mafuta ya breki na ni lazima itolewe kabla ya safari, si baada yake. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, hivyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama kiwango hakijashuka. Tumia aina iliyoandikwa kwenye mfuniko. Sili ya shokapu ya mbele ikivuja, oili hutiririka hadi kwenye diski, na pedi iliyolowa oili haioshwi, hubadilishwa. Unapopaka mnyororo oili, ipake upande wa ndani, kidogo, kisha futa ya ziada. Inayobaki hurushwa kwenye tairi la nyuma. Shokapu zilizochoka ni chanzo cha utelezi kisichotajwa sana: tairi linalodunda haligusi barabara wakati wote, na tairi lililo hewani halina breki.

Abiria na mzigo

Uzito wa nyuma hubadilisha kila kitu kilichoelezwa hapo juu. Tairi la nyuma linakandamizwa zaidi, kwa hiyo breki ya nyuma inapata nguvu kuliko ukiwa peke yako, na unaweza kuitumia zaidi. Tairi la mbele linakuwa jepesi, usukani unaitikia kwa uvivu, na kwenye barabara ya utelezi linafunga mapema. Umbali wa kusimama unaongezeka. Mzigo ufungwe chini na karibu na dereva, usitokeze nyuma ya ekseli ya gurudumu. Mzigo unaotikisika ni uzito unaohama wakati usiouchagua. Ongeza upepo wa nyuma kulingana na kitabu. Mwambie abiria akushike kiunoni au ashike vishikio, asiegemee upande wa nje kwenye kona, na asikusukume unaposhika breki.

Pikipiki yenye ABS

Mfumo wa ABS hupima mwendo wa kila gurudumu, na gurudumu likianza kufunga huilegeza breki na kuirudisha mara nyingi kwa sekunde. Pikipiki ya kwanza kuuzwa ikiwa nao kielektroniki ilikuwa BMW K100 mwaka 1988, na Umoja wa Ulaya ulianza kuulazimisha kwa pikipiki mpya za zaidi ya cc 125 mwaka 2016. Unapofanya kazi, mkono wa breki au pedeli hutetemeka. Usiachie, endelea kubana, mfumo unafanya kazi yake. Baadhi ya pikipiki zina ABS ya mbele pekee, na nyingine ndogo zina breki za pamoja ambazo ukikanyaga pedeli huvuta na ya mbele kidogo bila kuzuia gurudumu kufunga, kwa hiyo jua yako ni ipi.

ABS ya kawaida haijui kama umelala kwenye kona, na mshiko usiokuwepo haiwezi kuuleta. Kwenye changarawe inaweza hata kuurefusha umbali wa kusimama, kwani gurudumu lililofunga kwenye kokoto hujichimbia. Taa yake huwaka unapofungua swichi na huzimika ukishatembea kidogo, kwa kawaida kabla ya kufika kilomita 10 kwa saa. Ikibaki imewaka, ABS haipo kazini na magurudumu yanaweza kufunga kama ya pikipiki nyingine yoyote. Anza kwa kukagua kihisi kilicho karibu na gurudumu kama kimejaa tope, na waya wake kama umekatika au kuchunika. Mpaka taa izimike, kamua breki kana kwamba mfumo huo hujawahi kuwa nao.